Kabla ya Gari Kulikuwa na Kitambaa: Historia ya Suzuki, na Kwa Nini Tunaipenda

Leo tunaweka kando hina, singo na mitindo ya mashela, tuzungumze gari. Msishangae.

Mwezi uliopita alikuja dukani kwetu biharusi mmoja kupimwa gauni. Tukiwa tunampima akatoa la moyoni. Yeye na mchumba wake wameweka pesa kidogo kidogo, wanataka wanunue Suzuki ndogo ya kuanzia maisha. Jamaa zake wamekuja juu. Wanasema kijigari kile ni aibu, bora pesa hizo zikodi gari kubwa za msafara na ukumbi wa maana, watu waone. Akatuuliza, "Dada zangu, nyinyi mna Suzuki miaka yote hii. Niambieni kweli, mnaionaje?"

Tulimjibu kwa ufupi pale pale, lakini jibu lenyewe ni refu na lina historia ndani yake. Na historia hiyo inatuhusu sisi wanawake na sisi washoni kuliko tulivyodhani, kwa sababu Suzuki haikuanza na gari. Ilianza na kitambaa.

Mashine ya mama

Michio Suzuki alizaliwa mwaka 1887 karibu na mji wa Hamamatsu, Japani, katika familia ya wakulima wa pamba. Alijifunza useremala akiwa kijana mdogo. Wakati ule kina mama wengi wa sehemu zile walikuwa wakifuma nguo majumbani, kazi ya kukaa kitako mchana kutwa, mkono unakwenda na kurudi. Michio akamtengenezea mama yake mashine ya kufumia iliyokuwa nyepesi na ya haraka kuliko ile aliyokuwa akiitumia. Majirani wakaiona, wakaitaka. Mwaka 1909 akafungua karakana yake ya kutengeneza mashine za kufumia, na mwaka 1920 karakana ikawa kampuni kamili.

Kilichompa jina hasa ni uwezo wa mashine zake kubadilisha uzi wa rangi, zikafuma vitambaa vya mistari na vya miraba bila ya mfumaji kusimama kila mara. Baadaye wakatengeneza mashine maalumu za kufumia saruni, zikauzwa mpaka nchi za Asia ya Kusini-Mashariki. Saruni, wapenzi! Nguo ile ile ya mistari na miraba ambayo kaka zetu na baba zetu hapa visiwani wanaivaa wakirudi msikitini na wakikaa barazani. Siku tuliyolijua hili tulikaa tukicheka dukani, maana mume wa mwenzetu mmoja alikuwa amesimama mlangoni, kavaa saruni, anasubiri ufunguo wa Suzuki.

Hamamatsu wenyewe ni mji wa mafundi. Yamaha ilianzia huko kwa kutengeneza vinanda, na Honda naye alianzia kazi zake sehemu hizo hizo. Kwa hivyo mashine nyingi za boti na pikipiki mnazozisikia zikiunguruma pwani zina asili ya mji mmoja.

Biashara ilipotaka kufa

Michio aliona tatizo mapema. Mashine nzuri ya kufumia hudumu miaka mingi. Aliyenunua leo harudi kesho. Akaamua atafute kitu kingine cha kutengeneza, na mwaka 1937 akaanza kujaribu gari ndogo. Mafundi wake walinunua gari ndogo ya Kiingereza, Austin Seven, wakaifungua kipande kipande wajifunze, kama sisi tunavyofumua gauni la zamani tujue lilikatwaje. Wakafika mbali, lakini vita vikuu vya pili vikaja, serikali ikaona gari za watu binafsi si jambo la lazima, kazi ikasimama.

Baada ya vita wakarudi kwenye mashine za kufumia, na kwa muda mambo yakawa mazuri. Halafu mwaka 1951 soko la pamba likaanguka. Kampuni iliyozaliwa kwenye nguo ikawa haina pa kwenda kwenye nguo.

Walioiokoa ni baiskeli. Shunzo Suzuki, mkwe wa Michio, alikuwa akipenda kwenda kuvua samaki kwa baiskeli, na upepo wa mbele ukimchosha. Akafikiria kutia mashine ndogo. Mwaka 1952 wakatoa kifaa walichokiita Power Free, injini ya sisi 36 ya kufunga kwenye baiskeli. Ukitaka unapiga pedali peke yako, ukitaka injini inakusaidia, ukitaka unaiachia injini yote. Watu waliokuwa hawana uwezo wa gari wala pikipiki wakaikimbilia. Mwaka 1954 kampuni ikabadilisha jina ikawa Suzuki Motor, na mwaka 1955 ikatoa gari yake ya kwanza ya kuuzwa, Suzulight, yenye injini ya sisi 360 tu.

Gari iliyokatwa kwa kipimo

Hapa tunaomba muelewe jambo moja. Japani ina daraja maalumu la gari ndogo. Sheria inasema zisizidi urefu fulani, upana fulani na ukubwa fulani wa injini, na mwenye nayo hulipa kodi ndogo. Injini iliwahi kuwa sisi 360, ikapandishwa 550 mwaka 1976 na 660 mwaka 1990. Ni kama kupewa kitambaa cha yadi tatu ukaambiwa ushone gauni la mtu mzima, na asionekane kabanwa. Fundi mvivu hawezi. Suzuki walijifunza kukata humo humo.

Mwaka 1961 ikaja Carry, gari ya kubebea mizigo ya wafanyabiashara wadogo. Hii ndiyo Keri yetu, na ndugu zetu wa bara wanaiita Kirikuu. Mwaka 1970 ikaja Jimny, ndogo, nyepesi, yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, inayopita kwenye tope na mchanga ambapo gari nzito zinazama.

Kisha mwaka 1978 uongozi ukashikwa na Osamu Suzuki. Huyu hakuzaliwa Suzuki. Alikuwa mfanyakazi wa benki, akaoa mjukuu wa Michio, akachukua jina la ukweni kama ilivyo desturi ya baadhi ya familia za Kijapani. Alijulikana kwa kuhesabu kila yeni. Mwaka 1979 akatoa Alto kwa yeni 470,000, wakati gari nyingi za daraja lile zilikuwa kiasi cha yeni 600,000. Aliwezaje? Vitu visivyo vya lazima viliondolewa, na gari ikasajiliwa kama ya mizigo, ikaepuka kodi ya gari za abiria. Kina mama wa Kijapani wakaipokea kwa mikono miwili. Baba anakwenda kazini na gari ya nyumbani, mama naye sasa ana yake ya kupelekea watoto skuli na kwendea sokoni.

Na kuna hili ambalo sisi wavaa mabaibui tutalielewa zaidi. Katika Alto ya miaka ya 1980, baadhi ya gari zilitiwa kiti cha dereva kinachozunguka kuelekea mlangoni, ili mwanamke aliyevaa sketi aingie na kutoka kwa heshima bila ya kutapatapa na nguo yake. Mtu alikaa akafikiria nguo ya mwanamke anayeendesha! Tukikumbuka mara ngapi pindo zetu zimebanwa na mlango, tunasema laiti kiti kile kingefika huku.

Nafuu, lakini si ya kusinzia

Msidhani bei ndogo ni gari ya kuchosha. Mwaka 1987 walitoa Alto Works, kigari cha sisi 550 chenye tabo na nguvu za farasi 64. Kilikuwa kikali hata watengenezaji wa Japani wakakubaliana kwamba gari za daraja lile zisizidi hapo. Mwaka 2004 ikaja Swift mpya, iliyojaribiwa sana kwenye barabara za Ulaya, na ndiyo iliyowafanya watu wengi duniani waiangalie Suzuki kwa jicho jingine. Siri yake ni wepesi. Gari nyepesi inageuka haraka, inasimama haraka, na dereva anaisikia barabara mikononi. Huhitaji kwenda mbio ili ufurahi. Anayepita Darajani saa sita mchana, katikati ya mikokoteni, vespa na watu, anajua tunasema nini.

India nako wana kisa chao. Serikali yao ilishirikiana na Suzuki kuanzia mwaka 1982, na mwezi Disemba 1983 Waziri Mkuu Indira Gandhi akamkabidhi Harpal Singh ufunguo wa Maruti 800 ya kwanza. Gari hiyo iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2014, na familia nyingi za India zilinunua gari kwa mara ya kwanza katika maisha yao kwa sababu yake. Singh hakuiuza yake. Alikaa nayo mpaka alipofariki mwaka 2010.

Yetu sisi

Kabla ya Keri tulikuwa tukipeleka magauni kwa daladala. Siku moja ya masika tulibeba gauni la biharusi tumelikumbatia kama mtoto, mvua ikatukuta njiani, mfuko ukapasuka. Pindo lote likaingia tope, na harusi ni kesho yake. Tulikesha tukifua na kushona upya, huku tunalia. Hapo ndipo tulipoamua. Tulicheza mchezo mwaka mzima, tukanunua Keri iliyotumika. Leo inabeba magauni yamening'inizwa, viti vya kukodisha, mabegi ya harusi, na siku ya Ijumaa inabeba sisi na watoto.

Lakini hatutaki kuwauzia njozi. Aliyetuuzia alikuwa ameficha kutu kwa rangi mpya, na matengenezo yakala karibu robo ya bei tuliyonunulia. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na bati. Kwa hivyo ukitaka kununua, nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Inyanyuliwe, itazamwe chini. Gonga sehemu za magurudumu. Washa injini ikiwa baridi. Uliza kama vipuri vyake vinapatikana hapa.

Na kampuni yenyewe si malaika. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lilisema Samurai, ndugu wa Jimny, ni rahisi kupinduka, na kesi iliyofuata ilimalizika kwa suluhu mwaka 2004. Mwaka 2016 Suzuki wakakiri kwamba walipima matumizi ya mafuta kwa njia isiyo sahihi. Gari fupi na ndefu kwenda juu inataka adabu kwenye kona, na gari nyepesi haitakulinda kama nzito ikigongana na lori. Funga mkanda, punguza mwendo, usijaze watu kupita kiasi.

Tulimwambia nini biharusi

Tulimwambia hivi. Osamu Suzuki aliongoza kampuni zaidi ya miaka arubaini, akafariki Disemba 2024 akiwa na miaka 94, na katika umri wote huo hakuona haya kutengeneza gari ndogo. Alijua ni ya nani. Mwenye kuishona nguo kwa kipimo cha mwili wake hawezi kuchekwa na aliyeazima ya mwenzake. Msafara wa gari za kukodi utakwisha kabla ya Isha, na asubuhi gari zitarudishwa kwa wenyewe. Suzuki itabaki mlangoni. Itampeleka kazini, itampeleka kwa mama yake, na Mungu akijaalia, itampeleka kujifungua.

Hatukumwambia agombane na jamaa zake. Wazee wana haki yao, na furaha ya harusi ni ya wote. Tulimshauri akae nao, aweke hesabu mezani, amuombe baba yake mdogo ambaye naye ana Keri ya kuuzia samaki awe msemaji wake.

Wiki iliyopita alirudi kujaribu gauni. Mazungumzo bado yanaendelea, lakini mama yake ameanza kuuliza ipo rangi gani. Tumemuahidi kwamba akija na Suzuki, mapambo ya gari ni juu yetu, utepe mpaka maua, bila ya senti moja. Muombeeni kheri, na nyinyi mlio kwenye hesabu kama zake, Allah awafungulie.

Tukutane Ijumaa ijayo, inshaallah.