Injini za Mafungu ya Goodwin

Kila ifikapo tarehe 10 Juni, wapenzi wa historia ya ndege hukumbuka siku ile ya mwaka 2013 ambapo winchi, baada ya wazamiaji kuzuiliwa na pepo kali kwa majuma kadhaa, iliinua kutoka mafungu ya mchanga ya Goodwin, mkabala wa pwani ya Kent nchini Uingereza, ndege ya vita ya Kijerumani, Dornier Do 17, inayosadikiwa kuangushwa tarehe 26 Agosti 1940, na ambayo hapana nyingine ya namna yake iliyosalia karibu kamili popote duniani.

Injini za ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilikwisha kufukuliwa zamani katika mashamba ya Kent, aghalabu na watu wa kujitolea, mpaka sheria ya mwaka 1986 ilipokataza kuyagusa mabaki ya ndege za kijeshi pasipo idhini ya serikali.

Mjuzi aionapo injini iliyoliwa na kutu huanza na umbo: Merlin ya Rolls-Royce ina mitungi 12 katika safu mbili zinazopanuka kuelekea juu, ilhali safu za Daimler-Benz DB 601 zimeelekea chini, na Bramo 323 za Dornier hii zina mitungi 9 iliyotawanyika kama miale ya nyota, nazo ndizo zinazoipambanua na ndugu yake Do 215, iliyofanana nayo kiwiliwili ila ilifungwa DB 601. Baada ya umbo hutafutwa kibati cha namba, kisha namba hulinganishwa na madaftari, hata chuma kisicho na jina kikarejeshewa siku yake na watu wake.

Kikishatambuliwa, kionyeshweje? Wako wapendao king'arishwe hata kionekane kimetoka kiwandani jana. Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza haikuifuata njia hiyo: huko Cosford, Dornier iliwekwa ndani ya mahema marefu ya plastiki, ikanyunyiziwa maji yenye asidi ya ndimu, kwa ushauri wa wataalamu wa chuo cha Imperial cha London, ili yaondoe gamba la bahari na chumvi iliyojipenyeza katika alumini, pasipo kuufuta ushahidi wa anguko lake.

Huo ndio uadilifu. Aokoaye injini amepokea amana, na amana hiyo haitimizwi kwa kuipaka rangi nyeusi na kuiacha uani mvuani, bila namba wala maelezo, kama zilivyoachwa nyingi. Pasipo fedha za kuihifadhi wala mtu wa kuitambua, heri isitolewe ilikolala, maana mchanga uliisitiri Dornier kwa zaidi ya miaka 70, na hapana ua wa makumbusho uwezao kufanya hivyo.