Mwanafizikia wa MRI

Mwanafizikia wa MRI ni mtaalamu anayesimamia ubora wa picha na usalama wa mashine zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio. Kwenye mashine zenye sumaku kali za tesla 7 na zaidi (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), hukadiria joto linaloletwa mwilini na mawimbi hayo na kuyasawazisha ili picha isiwe na mabaka meusi. Kwa upande wa sumaku dhaifu, mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kwa ushirikiano na watafiti wa Leiden, Uholanzi, kiliunda mashine ya takriban tesla 0.05, ikilenga watoto wenye vichwa maji. Sumaku zake ndogo za kudumu, zilizopangwa duara, hazihitaji heliamu ya kupoza: nafuu kubwa kwa maeneo yenye umeme haba.