Bao Lisilo na Kitabu: Kutoka Mikelenge Kurudi Nyangwe

Anayetaka kujua Kiswahili kilifikaje Kindu asianzie stesheni. Mikelenge, komini iliyo ng'ambo ya kushoto ya Lualaba pamoja na Kasuku, ni sehemu ya mji wa reli, na reli ni ya jana tu. Kampuni ya CFL ya Édouard Empain iliundwa mwaka 1902. Njia yake ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilianza kazi karibu na mwaka 1911, na kwa muda mrefu Wabelgiji waliuita mji huu Port-Empain. Kufikia siku hizo Kiswahili kilikuwa kimeshazoea maji ya Lualaba. Kilikuja kwa miguu na kwa mitumbwi, kikitokea upande wa juu wa mto, na ndiyo njia ninayoirudia hapa kinyumenyume: Mikelenge, Nyangwe, Kasongo, Tabora, pwani. Katika njia hiyo natafuta kitu kimoja ambacho waandishi wa habari za pembe na watumwa hukipita haraka. Natafuta mchezo wa bao, na kanuni zake zilivyogeuka safarini.

Kituo cha kwanza ni Nyangwe, na hapo hakuna namna ya kuzungumzia mchezo bila kutaja damu. Wafanyabiashara wa pwani walijenga makazi yao kando ya soko hilo la mtoni katika miaka ya 1860. Livingstone alifika Machi 1871, na Julai mwaka uleule akaona watu wa bunduki wakiumiminia risasi umati wa sokoni. Waliokufa walikuwa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo, wengine wakazama mtoni wakikimbia. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, mmoja wa wafanyabiashara hao, alikuwa na ngome yake Kasongo. Tarehe 5 Novemba 1876 aliondoka Nyangwe pamoja na Stanley kuelekea kaskazini. Machi na Aprili 1893 majeshi ya Wabelgiji chini ya Dhanis yaliiteka Nyangwe, kisha Kasongo, na utawala wa akina Tippu Tip ukaishia hapo. Lakini mpunga ulibaki Maniema, Uislamu ukabaki Kasongo, lugha ikabaki vinywani mwa watu, na baraza ikabaki mahali pa wanaume kukaa jioni.

Baraza ndiyo nyumba ya bao. Richard Burton alifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, na katika kitabu alichokichapa mwaka 1860 anautaja mchezo huu wa kete na mashimo yaliyochongwa kwenye ubao mzima, akisema huchezwa na watu watulivu zaidi, wasiopenda kamari za papo kwa papo. Kazeh ilikuwa pumziko la kila karavani iliyokwenda maziwani. Wengi wa waliofika Nyangwe miaka michache baadaye walipitia hapo hapo, wakakaa wiki na miezi wakisubiri wapagazi au mvua ikatike. Watu waliokaa hivyo hujifunza mchezo mpaka ukaingia vidoleni.

Tuusogelee basi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, ambazo pwani aghalabu ni komwe. Lakini kete hazimwagwi zote ubaoni. Kila mchezaji huanza na kumi tu: sita ndani ya shimo liitwalo nyumba, mbilimbili katika mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki, 22, anazishika mkononi. Hatua hiyo ni namua: kila zamu unatia kete moja, na ikiangukia shimo lako lenye kete linalotazamana na shimo la mwenzako lenye kete, unazila zake na kuzipanda upande wako kuanzia kichwani. Kete ya mwisho ikikutana na mlo mwingine, unakula tena. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Mikono ikiisha kete, mtaji unaanza. Nyumba nayo ina kanuni yake: kete zikiishia ndani yake bila kula, unaamua mwenyewe kutulia au kuivunja na kwenda safari. Kete iliyoliwa haitoki mchezoni. Inahamia upande wa aliyeila na inaweza kurudi. Nimecheza michezo mingine ya ubao, na sijaona mingine inayomlazimu mtu kuhesabu mbali hivi huku sura ya ubao mzima ikigeuka kwa mkono mmoja.

Sasa uchukue mchezo huohuo bila nyumba na bila namua, kete zote zipangwe mbilimbili tangu mwanzo, uanze mtajini moja kwa moja. Pwani wanauita bao la kujifunza, jina linaloufanya kuwa wa watoto. Hapo ndipo ninapokataa. Karavani haikuleta mchezo mahali patupu. Magharibi ya Maniema, katika nchi ya Wakuba, kulichongwa sanamu ya mfalme Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala karne ya 17. Emil Torday aliipeleka British Museum, ikaingia humo mwaka 1909. Mbele ya mfalme aliyekaa umechongwa ubao wa kete. Mashariki, Waganda wana omweso, ambao mchezaji hupanga kete zake 32 apendavyo kabla ya kuanza. Wanyarwanda na Warundi wana igisoro. Wanaume waliotoka pwani waliwakuta watu wanaojua kupanda kete tangu zamani. Mchezo mwepesi unaweza kuwa wa mwanafunzi, lakini unaweza pia kuwa mwafaka kati ya mafundi wawili waliolelewa na kanuni tofauti.

Wamarekani wana mfano wa kuufikiria. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapa Dungeons & Dragons, mchezo ambao watu hukaa mezani, kila mmoja akavaa uhusika wake, mmoja akaongoza hadithi na dadu zikaamua. Mchezo huo una mwenye mali, na mwenye mali hutoa matoleo: la pili 1989, la tatu 2000, la nne 2008. La nne liligeuza mengi kiasi kwamba wachezaji wengi walikataa kuhama, na mwaka 2009 kampuni ya Paizo ikawatolea Pathfinder, iliyojengwa juu ya kanuni walizozizoea. Toleo la tano lilikuja 2014, likasahihishwa 2024. Januari 2023 kampuni inayoumiliki mchezo huo ilipotaka kubana leseni iliyowaruhusu wengine kutumia kanuni zake, wachezaji walipiga kelele mpaka ikarudi nyuma.

Bao halina mwenye mali wa kutangaza lolote, na hilo ni heri kubwa. Hakuna aliyewauzia watu wa Kasongo toleo jipya. Lakini Mmarekani anayependa kanuni za 1974 bado anazo kabatini. Namna ya kucheza iliyokaa kichwani mwa mzee mmoja haina kabati, na huzikwa naye.

Zanzibar imeshapata kabati lake. Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu juu ya mabingwa wa huko, Leiden, 1995. Mashindano na programu za kompyuta hufuata kanuni za huko, na kijana wa Mikelenge akitafuta bao kwenye simu yake ataletewa la Zanzibar kana kwamba ndilo la pekee. Philip Townshend alichapa mwaka 1977 utafiti juu ya michezo ya mankala, jamii ya bao, ya Zaïre, Rwanda na Burundi. Tangu hapo Maniema imepitia vita, na waliokuwa wachezaji wakati ule ni wazee sasa au wametangulia.

Simu hiyohiyo ina kamera. Ninachowaomba vijana wa Mikelenge, Kasuku na Alunguli ni kurekodi michezo mizima, tangu kete ya kwanza mpaka mshindi, sauti ikiwemo. Kumwomba baba mkubwa asimulie kanuni hakutoshi, kwa sababu atasimulia zile nyepesi. Kanuni ngumu, kama ile ya pwani ya kutakasia, inayomzuia mtu kuhamisha kete zilizokwisha kuviziwa, husemwa siku wachezaji wawili wanapogombana, mmoja ameshika kete hewani na mwenzake amemkamata mkono. Kamera iwe wazi wakati huo.