Dagaa wa Chumvi wa Bukoba na Muleba: Kutoka Mwaloni Hadi Chunguni

Dagaa wa chumvi ni dagaa wa Ziwa Victoria ambao, kabla ya kuanikwa, wamelowekwa katika maji ya chumvi au wamepangwa kwa tabaka za chumvi kavu. Sehemu nyingi za kanda ya ziwa humaliza kazi hiyo kwa jua peke yake. Mkoani Kagera jua halitoshi. Upepo unaovuka ziwa hufika ufuko wa magharibi ukiwa umebeba unyevu, na mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho miji michache sana ya Tanzania inakifikia. Dagaa aliyeanikwa asubuhi anaweza kunyeshewa kabla ya adhuhuri, na akinyeshewa mara mbili huyo si chakula cha watu tena, anauzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Chumvi ndiyo inayompa mwanikaji nafasi ya kusubiri mawingu yapite.

Samaki mwenyewe ana urefu wa sentimita 5 hadi 8, mwili bapa wenye magamba ya rangi ya fedha. Wataalamu humwita Rastrineobola argentea, Wakenya humwita omena na Waganda mukene. Kiukoo yuko karibu na ningu kuliko samaki wadogo wa chumvi wanaojulikana duniani. Dagaa wa Kigoma, kutoka Ziwa Tanganyika, ni wa jamii ya heringi na wana mafuta zaidi. Dagaa mchele wa Zanzibar wengi wao ni anchovi, ndugu wa wale ambao Waitalia na Wahispania huwapanga na chumvi ndani ya mapipa, wakawagandamiza kwa mawe na kuwaacha kwa miezi hadi nyama igeuke nyekundu iliyokolea. Wazanzibari wao huwachemsha katika maji ya chumvi kisha huwaanika. Kwa hiyo chumvi ina kazi tatu tofauti katika samaki hawa wadogo: kwa Mwitalia inamkomaza samaki, kwa Mzanzibari inaingia pamoja na moto, na kwa Mhaya wa Muleba inalisaidia jua.

Uvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria ni wa usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola, dagaa wakakusanyika kwenye mwanga na wavu ukawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, wavuvi hupumzika na bei sokoni hupanda. Visiwa vya Muleba, yaani Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza, Mazinga na vingine, ndivyo vyenye kambi nyingi za kazi hii, na mzigo wao huingia bara kupitia mialo ya ufukweni, ikiwemo Nyamkazi mjini Bukoba na Kemondo. Tangu sangara alipopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na furu wakapungua vibaya katika miaka ya 1980, dagaa wamebaki kuwa samaki wa asili wanaostahimili. Kwa uzito, hakuna samaki mwingine anayevuliwa kwa wingi kama wao katika ziwa hili leo.

Kuweka chumvi

Saa za mwanzo ndizo zinazoamua kila kitu. Dagaa wakikaa kwenye mtumbwi hadi jua lipande, matumbo hulainika na kupasuka, na hakuna chumvi itakayorudisha kilichoharibika. Waliofaa wana macho angavu, ngozi isiyochubuka na harufu ya maji ya ziwa. Wakishafika nchi kavu huoshwa kwa maji safi ili kutoa utelezi, damu na magamba yaliyolegea.

Njia ya kwanza ni ya maji. Gramu 150 za chumvi huyeyushwa katika lita moja ya maji, dagaa wakazamishwa kwa nusu saa huku wakigeuzwa polepole kwa mkono. Asiye na mizani atumie yai bichi lisilo la zamani: likielea, maji yamekaribia ukali unaotakiwa, na chumvi kidogo ya ziada itamaliza kazi. Maji hayo yasitumiwe tena na tena. Kila mkupuo wa samaki huyapunguza nguvu na kuyaongezea uchafu, na baada ya mikupuo miwili au mitatu yanakuwa mahali pazuri pa kuzaliana bakteria.

Njia ya pili ni ya chumvi kavu, nayo ndiyo inayofaa zaidi nyumbani wakati wa masika, Machi hadi Mei, mvua inapokataa kukoma. Kwa kilo 4 za dagaa waliochujwa, andaa kilo 1 ya chumvi. Chukua ndoo safi ya plastiki yenye mfuniko, tandaza chumvi chini, panga dagaa kwa unene wa vidole viwili, nyunyiza chumvi, na uendelee hivyo hadi juu, ukimalizia na chumvi. Weka sahani juu yake na uikandamize kwa jiwe lililooshwa. Kufikia asubuhi dagaa watakuwa wametoa maji yao wenyewe na kuzama ndani yake. Hapo wamepungua unene, wamekakamaa kidogo, na mgongo uliokuwa wa kijivu umepauka. Mvua ikiendelea, wanaweza kukaa humo siku mbili tatu zaidi, mradi wote wamefunikwa na maji hayo. Kichwa kimoja kinachochungulia juu kinatosha kuvutia nzi.

Chumvi yenyewe ichaguliwe. Ile ya punje za wastani hupenya vizuri kuliko ya unga laini, ambayo hukausha ngozi haraka na kuacha ndani kubichi. Chumvi yenye ladha ya uchungu ina madini mengine yanayomfanya samaki awe mchungu na anyonye unyevu wa hewani, jambo baya katika mji kama Bukoba. Ukanda huu una bahati ya kuwa karibu na Uvinza, mkoani Kigoma, ambako chumvi imetengenezwa kutokana na chemchemi za maji chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000.

Baada ya chumvi huja kuanika, na hapa sina maneno ya kupamba: dagaa hawapaswi kulala mchangani. Kichanja cha miti chenye wavu, kilichoinuliwa hadi kiunoni, hupitisha hewa juu na chini, huzuia kuku na mbuzi, na turubai hutupwa juu yake haraka wingu likionekana. Siku moja ya jua kali inatosha. Penye mawingu zinatakiwa mbili au tatu. Aliyekauka hukatika ukimkunja. Anayekunjika bila kukatika ataota ukungu ndani ya wiki.

Kwenye kundi la samaki wa chumvi yupo pia kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akapakwa chumvi nyingi, akapangwa kwa marundo kwa siku kadhaa kisha akaanikwa. Wateja wake wakubwa wako Congo, lakini hupatikana pia masokoni Kagera. Jihadhari na kayabo mwenye mabaka ya waridi: ni vijidudu vinavyopenda chumvi, navyo ni dalili kwamba samaki ameanza kuharibika.

Kutayarisha kabla ya kupika

Dagaa wa chumvi hawaliwi wakitoka ndooni, kama wengine wanavyokula anchovi za kopo. Ni samaki wa maji baridi, wenye matumbo yao, na lazima wapite motoni.

Wachambue kwanza wakiwa wakavu. Kichwa hukatwa kwa kukibana kati ya kidole gumba na cha shahada, ukivuta kuelekea tumboni ili utumbo mweusi utoke pamoja nacho. Wapo wasiopenda kupoteza vichwa, na wana hoja, kwa kuwa kalsiamu nyingi iko kwenye mifupa. Kwa dagaa walio safi na wadogo nakubaliana nao. Kwa wakubwa, uchungu wa nyongo huharibu mchuzi mzima, hivyo vichwa vitoke.

Kisha waloweke katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 20 na uwatoe kwa kuwachota na mkono. Usimimine maji pamoja na samaki, maana mchanga umetulia chini. Rudia hadi sehemu ya chini ya beseni ibaki safi. Onja mmoja: chumvi inapaswa kusikika bila kuuma ulimi. Kayabo anahitaji usiku mzima na maji kubadilishwa mara mbili au tatu. Mwenye shinikizo la damu kwenye familia aongeze muda wa kuloweka, na kwa vyovyote vile chumvi isitiwe chunguni hadi mwisho, baada ya kuonja.

Kupika

Mlo unaowafaa zaidi, kwa maoni yangu, ni ndizi. Ndizi za kupika, zile ebitoke zilizo kwenye kila shamba la Mhaya, ni tamu kwa upole na hazina chumvi ya asili ya kutosha, hivyo hupokea ladha ya dagaa bila kushindana nayo. Menya ndizi, zipange chunguni pamoja na kitunguu, nyanya na ngogwe chache zilizopasuliwa, tia maji ya kuzifunika nusu. Zikianza kulainika, weka dagaa waliokwishakaangwa kidogo, mimina karanga za kusaga zilizokorogwa kwa maji ya moto, punguza moto, funika. Dakika 10 zinatosha. Dagaa wakichemka kwa muda mrefu husambaratika na kubaki miiba tu kwenye rojo.

Kwa ugali, wakaange. Wakaushe vizuri kwanza, kwa sababu maji kidogo tu hufanya mafuta yaruke na samaki wateketee upande mmoja. Mafuta yawe ya moto, dagaa watiwe kidogo kidogo, watolewe wakiwa rangi ya dhahabu. Ndipo kitunguu, pilipili hoho na nyanya vipikwe kwenye mafuta yaliyobaki, dagaa warudishwe dakika mbili za mwisho na kukamuliwa ndimu. Kayabo huchemshwa kwanza, maji yakamwagwa, mifupa ikatolewa, kisha hupikwa kwa karanga kama mboga ya kawaida.

Kutunza

Dagaa wa chumvi waliokauka hukaa miezi kadhaa katika chombo kinachofungwa, mahali pakavu, mbali na moshi wa jiko. Chumvi huwafukuza nzi na hupunguza wadudu wanaotafuna samaki mkavu, lakini hunyonya unyevu, kwa hiyo waanikwe tena kila jua linapotoka vizuri. Dawa ya kuua wadudu haina nafasi kabisa juu ya chakula hiki, hata kama muuzaji anasema ni kidogo.

Sokoni, dagaa hupimwa kwa kopo, sado au debe, na waliowekwa chumvi na kuanikwa kichanjani huwa ghali kuliko wa mchangani. Usiione hiyo kuwa hasara, kwa kuwa sado ya bei rahisi huacha sehemu yake chini ya beseni ikiwa mchanga. Muulize muuzaji dagaa wake walianikwa juu ya nini, vunja mmoja mbele yake na umnuse. Akiwa mzuri, lipa bei anayostahili, ili mwanikaji wa Goziba au Kerebe aone faida ya kununua chumvi na kujenga kichanja.