Mguu wa injini usiolingana na mashua ni hatari baharini

Mvuvi anayenunua injini ya kupachikwa nyuma ya mashua aghalabu huuliza kwanza kuhusu nguvu zake na kiasi cha petroli inachotumia. Hata hivyo, swali linalostahili kutangulia ni iwapo mguu wa injini hiyo unalingana na kimo cha tezi ya chombo chake.

Injini hizi huundwa zikiwa na miguu ya urefu tofauti. Mguu mfupi hufaa tezi yenye kimo cha takriban sentimita 38 (inchi 15), na mrefu sentimita 51 (inchi 20). Kipimo huchukuliwa katikati ya tezi, kuanzia ukingo wa juu unaobeba injini hadi chini ya mashua.

Juu kidogo ya rafadha kuna bamba bapa. Bamba hilo linafaa kuwa sawa na sehemu ya chini ya mashua, au chini yake kwa sentimita mbili hivi. Likiwa juu mno, rafadha hufyonza hewa, injini ikanguruma bila chombo kusonga. Isitoshe, tundu la kuingizia maji ya kupoza injini laweza kubaki hewani. Injini huchemka na kuzimika, na wakati wa kusi wavuvi wasio na tanga wala makasia husukumwa na mawimbi hadi miambani. Likiwa chini mno, mguu hukokota maji, mafuta yakapotea bure, na rafadha hugonga mchanga upesi.

Tezi ikiwa fupi, yaweza kuongezwa ubao wa mti mgumu. Ikiwa ndefu, kuikata ni hatari kwa kuwa mawimbi yatapata mlango wa nyuma. Heri kununua injini ya mguu mrefu.

Ngalawa na mitumbwi iliyochongoka pande zote mbili haina tezi bapa. Vyombo hivyo hufungiwa mhimili ubavuni, karibu na nyuma. Injini ya aina hiyo iwe ndogo, maana huelemeza chombo upande mmoja na kukisukuma kigeukie upande wa pili.

Skrubu za kubana peke yake hazitoshi, kwani mtikisiko huzilegeza. Injini ifungwe pia kwa bolti za chuma kisichoshika kutu zinazopenya ubao, matundu yazibwe maji yasiozeshe mbao, na kamba au mnyororo uiunganishe na mashua.

Kabla ya safari ya kwanza, chombo kijaribiwe karibu na ufuo kikiwa na mzigo wa kawaida. Omo likiinuka sana au likizama, pembe ya injini irekebishwe kwa pini yake. Nahodha naye ajifunge ule uzi wa kuzima injini, ili akitupwa majini mashua isimwache wala rafadha isimrudie.