Ziwa Mbele, Mlima Nyuma: Jinsi Jamaa Zilivyochagua Makao Yao Uvira

Katika kitabu cha Jubilei wasomaji hutazamia kwanza majina ya mapadri na mwaka wa ubatizo wa kwanza. Hayo yamepata kurasa zake. Sisi tumepewa kazi nyingine: kueleza namna jamaa zilivyofika kando ya ziwa hili, zikiwa na watoto, mikeka na vyungu, na kila moja ikajiuliza: "Tutajenga wapi?" Ulizo hilo ni jepesi mdomoni. Lakini hapa Uvira limepata kuokoa watu, na limepata kuua watu. Kwa hiyo linastahili kuandikiwa historia.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Mashariki kuna Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilometa 670 hivi, na kilindi chake kinapita mita 1,400. Magharibi milima ya Mitumba imesimama kama ukuta, na nyuma yake, kwenye Itombwe, kuna vilele vinavyopita mita 3,000. Kati ya wakubwa hao wawili mji umebakiwa na utepe mwembamba wa udongo. Mahali pengine mtu hutoka penye maji akafika kwenye mguu wa mlima kabla uji wake haujapoa. Na utepe huo nani aliuleta? Ni mito. Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, pamoja na vijito vingine, imeshuka mlimani tangu zamani sana ikibeba mawe na mchanga, ikavitandaza hapa chini. Juu ya tandiko hilo ndipo tunapojenga. Ndiyo kusema, mto haukuingia katika kiwanja cha mtu. Kiwanja ndicho kilichokaa katika njia ya mto.

Upande wa kaskazini tu nchi inafunguka. Huko ni uwanda wa Ruzizi, mto utokao Ziwa Kivu na kuingia katika ziwa letu.

Wenyeji wa zamani walijua kila mahali panatoa nini na panadai nini. Bavira walikaa kando ya ziwa na kwenye vilima vilivyo juu yake. Bafuliiru milimani kuelekea Lemera, wakishuka hata uwandani. Barundi katika uwanda wa Ruzizi. Babembe kusini, kuelekea Fizi. Banyamulenge na ng'ombe zao katika nyanda za juu. Chini kulikuwa na ndagala, mikebuka, mawese na muhogo, lakini kulikuwa pia na joto na homa. Juu kulikuwa na maharage, majani ya mifugo na baridi, na mbu walikuwa wachache. Jamaa yenye akili ilijaribu kushika pande zote mbili kwa njia ya shamba au ya ndoa: binti akiolewa chini, nduguze wa mlimani walipata pa kufikia siku za samaki.

Mgeni yeyote alianza kwa kufikia. Hakujenga siku ile ile. Alikaa kwanza kwa ndugu au kwa mtu wa kwao, akajulishwa kwa mkubwa wa kijiji, akaleta zawadi ya heshima, kisha akaonyeshwa mahali. Desturi hiyo wengine wameiona kama kodi tu. Sisi tunaona ilikuwa na faida nyingine: yule aliyeonyesha mahali alikuwa mzee, na mzee alikumbuka maji yalifika wapi.

Wafanyabiashara walichagua kwa namna yao. Wazungu wa Uingereza, Burton na Speke, walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, walikuta tayari ni soko la watu watokao Ujiji kutafuta pembe na, kwa huzuni, watumwa. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi mpaka mwisho wa ziwa, ili wahakikishe kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia, wakaona inaingia. Kwa watu wa biashara mtumbwi ndio ulikuwa miguu yao, basi walishikamana na maji. Kiswahili tunachokiandika hapa kilipita njia hiyo hiyo.

Wamisionari nao walihamahama kama watu wengine. Mapadri Weupe walianza Rumonge, ng'ambo ya pili, mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watatu wa misioni ile waliuawa. Mwaka 1883 walifungua Kibanga upande wetu wa ziwa. Baadaye Kibanga nayo iliachwa, na mwaka 1893 wakaanzisha Baudouinville, kusini kabisa, mahali palipoinuka juu ya ziwa. Tunataja jambo hili kwa sababu wengine hudhani misioni ilisimama tangu mwanzo pale inaposimama leo, kana kwamba padri alishuka na ramani toka mbinguni.

Wakati wa ukoloni kazi ndiyo iliyowachagulia watu makao. Mwaka 1910 mpaka na nchi ya Wadachi ulikatwa kufuata Ruzizi, na jamaa zikajikuta zina shamba katika nchi moja na wajomba katika nchi nyingine. Pamba iliwavuta watu uwandani. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha sukari cha Kiliba kiliita wafanyakazi wa makabila mengi, kikawapa nyumba katika kambi. Nyumba ya kambi ni nzuri, ila mlango wake unafungwa na mwenye kazi: vita vya 1996 viliposimamisha kiwanda, jamaa nyingi zilizozaliwa pale hazikuwa na kwao pengine. Mwaka 1958 waliingia Mapadri Wasaveri toka Italia, na tarehe 16 Aprili 1962 jimbo la Uvira likaundwa, Askofu wa kwanza akiwa Danilo Catarzi. Basi watu wakaanza kutafuta viwanja karibu na misioni, kwa ajili ya shule ya watoto na dawa za wagonjwa.

Sasa tumefika mwaka 1964, nao hatuwezi kuupita haraka.

Mwaka ule mabaya mawili yalikutana. Maasi yaliwaka katika uwanda wa Ruzizi mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei mji wa Uvira ulikuwa mikononi mwa waasi. Watu walikimbilia mlimani. Tarehe 28 Novemba, huko Baraka na Fizi, waliuawa Bruda Vittorio Faccin, Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert, ambao tuliona wakitangazwa wenye heri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Habari zao zinajulikana. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba katika miaka ile ile ziwa lilipanda. Tangu 1962 mvua zilizidi, na mwaka 1964 maji yalifika kiasi kisichoonekana tangu karne ya 19. Jamaa iliyotoroka bunduki ikarudi, ikakuta ukingo wa ziwa umehama.

Ili tuelewe, inafaa kurudi nyuma kidogo. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kwenye mji wa Kalemie. Mwaka 1876 Stanley aliukuta mlango huo umezibwa na matete na matope, na ziwa lilikuwa limejaa sana. Muda mfupi baadaye, karibu na mwaka 1878, maji yalijivunjia njia, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10. Sehemu kubwa ya udongo ulio bapa kando ya ziwa ni ardhi iliyoachwa na maji wakati ule. Hivi nyanya zetu walirithi nchi ambayo babu zao walikuwa wakiivulia samaki.

Baada ya 1964 maji yalirudi chini polepole. Majani yakaota, watoto wakacheza mpira pale, na kizazi kilichofuata kikaona kiwanja cha bure. Nacho kilihitaji kiwanja kweli, kwa maana watu walizidi kuja. Mwaka 1972, na tena mwaka 1993, wakimbizi walivuka toka Burundi. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwashusha watu wa milimani na kuwasukuma watu wa uwandani kuingia mjini. Hawakuchagua kati ya pazuri na pabaya. Walichagua kati ya bunduki na maji, na maji siku ile yalikuwa yamelala. Ndivyo parseli zilivyokatwa mpaka kwenye mchanga wa ziwa, mpaka kwenye mawe ya Mulongwe. Mwenye kuuza alijua kupanga siku: alimwonyesha mnunuzi kiwanja mwezi wa Julai, wakati mtoto anaweza kuvuka mto asilowe magoti.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani. Mulongwe na mito mingine ilishuka na mawe makubwa, ikarudia njia zake za zamani katikati ya kartie. Watu makumi kadhaa walikufa, na maelfu ya nyumba yaliharibika. Kisha ziwa nalo likapanda, mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Mei 2024 lilikaribia mita 777 juu ya bahari, na huko Kalundu na Kilomoni watu walipita kwa mtumbwi mahali walipokuwa wakipita kwa baiskeli.

Wengine, wakitoka wapi hatujui, hulaumu wajinga waliojenga chini. Lawama hiyo ni rahisi mno. Aliyepanda mlimani ameepa ziwa, lakini ameacha bomba nyuma. Maji ya Regideso yanachukuliwa katika Mulongwe, na huduma hukatika mara kwa mara. Utafiti uliofanywa hapa Uvira na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba bomba likikauka, wagonjwa wa kipindupindu huongezeka siku zinazofuata. Mama wa mlimani anabeba bidoni la lita 20 kwa kupanda, au anateka katika kijito. Tena mtelemko uliokatwa miti unaporomoka wenyewe, bila kungoja mto.

Wazee waliobaki wana alama zao. Mwembe mnene ukisimama mahali, wanasema mto haujapita hapo kwa umri wa mwembe. Matete yakichipuka katika kiwanja kikavu, ziwa liko chini yake. Nao huuliza jambo ambalo karatasi ya kiwanja haina nafasi yake: mwaka 1964 ni nani alikaa hapa?

Leo nyumba za mbao na za udongo zimesimama tena kandokando ya Mulongwe. Tunapozungukia mashirika, tunaingia ndani yake kusali na wenyeji, tukikalia mabao yaliyookotwa katika mafuriko. Wanajua yaliyopita hapo. Wengine walizika watu wao. Wanajibu kwamba mlimani hakuna maji, uwandani hakuna usalama, na toka hapa watoto wanaenda shule kwa miguu.