Kiti cha Ukarani na Kalamu ya Shaaban Robert

Watu wa pwani tuna methali mbili zisizosikilizana juu ya jambo moja. Ya kwanza yasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Ya pili yasema: maji ya kifuu bahari ya chungu. Ile ya kwanza humnasihi mtu aliyefika nusu ya umri wake kazini, ambaye mshahara wake haumtoshi wala haumwangushi, akae palepale alipo. Mkeka wake umechakaa, lakini ni wake. Hii ya pili humuuliza kama huo utulivu anaouonea fahari si ufinyu tu wa chombo alichomo, naye ameuzoea hata anaudhani kuwa ni upana wa bahari.

Miongoni mwa walioishi baina ya methali hizi mbili ni Shaaban Robert. Tumezoea kumtaja kwa tungo zake, na ni haki yake. Aghalabu hatumtaji kwa kazi iliyomlisha. Walakini mtu huyu alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka 34, na swali la kubaki au kuondoka limo ndani ya maisha yake na ndani ya vitabu vyake. Makala hii yataka kuuliza alilijibuje.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922, na mwaka 1926 akaingia Idara ya Forodha. Humo alikaa miaka 18. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 35, alihamia Idara ya Wanyama, akaiacha pwani na kwenda Mpwapwa. Mwaka 1946 alirudi Tanga katika ofisi za utawala, na mwaka 1952 akaingia Idara ya Upimaji, ambako alibaki mpaka alipostaafu mwaka 1960. Ofisi zilibadilika, kiti kilikuwa kilekile. Alihama mara kadhaa, kuondoka hakuondoka.

Tusikidharau kiti hicho. Katika Tanganyika ya zama zile, karani alikuwa mtu wa heshima. Barua za watu zilipita mkononi mwake, mshahara wake ulikuja kwa mwezi ilhali mkulima alingoja msimu na mvuvi alingoja bahari, na mwisho wa safari palikuwa na ahadi ya malipo ya uzeeni. Lakini kiti hicho kilikuwa na dari lililo karibu na kichwa. Utumishi wa serikali ulipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mishahara ilifuata mpango huo huo. Mwaka 1922, mwaka ule ule Shaaban alipoanza masomo Dar es Salaam, Martin Kayamba na wenzake waliunda mjini Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Watu walioshiba na kutulia hawaundi chama. Karani Mwafrika aliweza kuwa hodari wa hesabu, wa lugha na wa hati, na bado asipande zaidi ya pale palipowekwa kwa ajili yake. Huko ndiko kudumaa kwenyewe: si kukosa kazi, bali kuijua kazi yote na kujua kwamba haina ngazi nyingine.

Kwa nini basi hakuiacha? Jibu la kwanza ni la jikoni. Utungaji wa Kiswahili haukumlisha mtu. Mtunzi hakuwa na wachapaji wa kwao wa kuwaendea. Miswada ilivuka mipaka na bahari kutafuta mlango. *Pambo la Lugha*, diwani ya mtu wa Tanga aliyeandika kwa lugha ya pwani yetu, ilichapishwa Johannesburg. *Kusadikika* na *Maisha Yangu* vilitolewa na shirika la Nelson la Uingereza. Mtu anayengoja jibu la barua iliyokwenda mbali namna hiyo hawezi kuahidi chakula cha jioni kwa jibu hilo. Naye alikuwa mzazi, na tenzi alizowatungia watoto wake, *Hati* kwa binti na *Adili* kwa mwana, zatuonyesha jinsi alivyolichukua jambo la malezi kuwa amana. Mtu wa namna hiyo haamki asubuhi moja akatupa ufunguo wa ofisi.

Jibu la pili lina uzito zaidi kwetu sisi wapenzi wa fasihi. Kazi ile ilimlisha, na pia ilimfunga mdomo. *Kusadikika* kilitoka mwaka 1951, mwandishi akiwa na umri wa miaka 42 na akiwa bado mtumishi wa serikali. Ndani yake nchi imening'inia angani, na Karama ameshtakiwa kwa sababu ametaka watu wafundishwe sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, wakalipwa kifungo. Wasomaji wengi wamekiona kitabu hiki kuwa ni hukumu juu ya utawala wa kikoloni. Lakini hukumu hiyo imevaa buibui. Karani wa Bwana Gavana hakuweza kuisema uso wazi na kesho yake akaketi mezani pake. Mwaka 1953 serikali iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mpaka ukawa umeandikwa. Basi tunapoisifu ile namna yake ya mafumbo, na majina yale yanayobeba maana, tukumbuke kwamba baadhi ya uzuri huo ulizaliwa na dhiki ya mwajiriwa.

Tumlinganishe na mtu mwingine wa zama zake. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa akisomesha Pugu, alitakiwa achague baina ya ualimu na siasa, na mwezi wa Machi 1955 akajiuzulu. TANU ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja. Yeye aliacha mbacha wake kwa msala uliokuwa haujatandikwa. Hata hivyo lugha hakuiacha; baadaye alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Tofauti ya wawili hawa si ya ushujaa. Nyerere aliwekewa mlango, akaambiwa ama ndani ama nje. Shaaban hakuwekewa mlango. Serikali haikumkataza mashairi, na jioni zake zilikuwa zake. Asiyelazimishwa kuchagua hupata taabu ya aina nyingine: kila siku anaweza kuondoka, na kila siku ana sababu njema ya kungoja kesho.

Kwamba jambo hili lilikuwa likimzungukia moyoni, kalamu yake ni shahidi. Tazama ni maisha ya nani aliyoyachagua kuyaandika. Mwaka 1958, akiwa katika Idara ya Upimaji, ilitoka *Wasifu wa Siti binti Saad*. Siti alikuwa mtoto wa Fumba hapa Unguja, muuza vyungu, ambaye mwaka 1911 alihamia mjini, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Huyu alikuwa hana cha kupoteza ila vyungu, akaondoka. Kisha tazama *Utubora Mkulima*. Utubora ana kazi nzuri ya ofisini Unguja, yenye mshahara mnono, naye anaiacha kwa hiari yake aende kulima kijijini Busara. Hakufukuzwa, wala hakufilisika. Ameona tu kwamba shibe ile haimlishi pale anapotaka kulishwa. Siti aliondoka shamba akaja mjini. Utubora aliondoka Unguja akaenda shamba. Wote wawili wamepita kisiwani kwetu wakielekea pande tofauti, na aliyewaandika alikuwa mtu aliyeketi Tanga, mezani pa serikali.

Wako watakaosema kuwa huu ni unafiki, mtu kumsifu mwenye kuondoka ilhali mwenyewe hatoki. Sioni hivyo. Mshairi hana wajibu wa kuishi kila alichokitunga. Karibu na ukweli zaidi ni kusema kwamba alimpa Utubora uamuzi ambao yeye hakuwa na uwezo wa kuulipia. Utubora hakuwa na watoto wa kuwatungia utenzi wa nasaha, wala mswada unaongoja stempu ya kwenda ng'ambo. Alikuwa mwepesi, na mwepesi huruka.

Walakini gharama ya kungoja ipo, na kwa Shaaban Robert yahesabika. Alistaafu mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 51. Hata kabla ya hapo alikwisha kuchoshwa na kutegemea wachapaji wa mbali, akajaribu kutoa vitabu vyake mwenyewe huko kwao Machui. Sasa alikuwa na siku nzima, si jioni tu. Mnamo Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, na sababu ya buibui ikaondoka. Angeweza kuandika uso wazi. Tarehe 20 Juni 1962 akafariki dunia. Kwa miaka 34 ya kiti alipata takriban miaka 2 ya uhuru wa kalamu. *Kufikirika*, *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* vilichapishwa mwaka 1967 na 1968, mwenyewe hayupo kuvisoma. Kitabu cha mtu aliyeacha kazi kwa wakati kilitoka wakati mwandishi wake hana tena kazi wala wakati.

Je, alikosea? Anayemjibia kwa haraka hamtendei haki. Laiti angaliondoka mwaka 1944, badala ya kwenda Mpwapwa, huenda tungelipata vitabu zaidi. Na huenda tusingelipata hata kimoja, kwa maana njaa nayo ni mwajiri, tena mkali kuliko serikali. Kilicho wazi ni kwamba hakukiachia kiti kimlale. Ofisi ilinunua mchana wake tu. Vitabu vyake zaidi ya 20 viliandikwa katika saa ambazo makarani wenziwe walizihesabu kuwa ni za kupumzika. Kama maji ya kifuu yalikuwa ndiyo bahari ya ofisi yake, yeye alijua kuwa si bahari, na kila jioni alikwenda kuitafuta ile ya kweli.

Basi kwa aliye katikati ya umri leo, mwenye kiti kizuri kisicho na ngazi, maisha haya hayamwambii aondoke wala abaki. Yanampa hesabu mbili za kufanya kabla hajaamua. Ya kwanza: je, jioni zake bado ni zake, au kiti kimekwisha kuzila nazo? Ya pili: je, kazi ile anayoiahirisha mpaka atakapostaafu yaweza kutimia kwa miaka 2? Akiona jioni zimeliwa na miaka 2 haitoshi, asimwulize tena Shaaban Robert. Amwulize Utubora.